Fundi Mkuu Aliyesema Mara Moja

Fundi Mkuu wetu hakuwa mtu wa kurudia neno. Ukimwuliza kitu alichokwisha kukieleza, alikutazama kwanza viatu, kisha uso, kisha akasema, "Nimeshasema," akaondoka zake na spana yake mkononi. Ungebaki umesimama hapo, unajiuliza ulikuwa wapi aliposema. Sisi tuliofanya kazi naye miaka mingi tulizoea kutega masikio kila alipofungua mdomo, na tulijiona wajanja kwa hilo. Mgeni ndiye aliyepata taabu.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake nawaachia watu wa Mwika, huko mlimani kwetu, wanazijua kuliko mimi. Mimi nilimjua kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha kusaga unga wa mahindi, hapa hapa Moshi mjini, ghorofa tatu za mashine na mabomba, na katikati yake njia nyembamba za mabamba ya chuma ambazo mafundi walipita wakikagua machekecheo. Nilikuwa karani. Niliita majina asubuhi, nilipanga zamu, na nilitunza kitabu cha ajali. Hicho kitabu ndicho kinachonifanya niandike haya, maana mwandiko uliomo ni wangu.

Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, nyusi zake nyeupe kwa unga hata siku za Jumapili. Alipanda ngazi za chuma bila kushika popote. Mtu asiyejua vumbi la unga hawezi kuelewa maana ya hilo. Unga ukikaa juu ya chuma, ukapata unyevu kidogo wa asubuhi, unateleza kuliko sabuni. Sisi wengine tulipanda tumekumbatia reli mpaka mikono inauma. Yeye alipanda huku anakula ndizi.

Mikanda ya usalama tulikuwa nayo, asije mtu akasema hatukuwa nayo. Ililetwa mipya ndani ya makatoni, naye akaitundika kwenye misumari ukutani mwa karakana, amepanga mikubwa kwa midogo, na kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa. Ilipendeza sana. Wakaguzi wakija, tuliivaa wote, tukapigwa picha. Wakaguzi wakiondoka, ilirudi misumarini.

"Mkanda unamfundisha mtu kutotazama anapokanyaga," alinieleza siku moja nilipomwuliza. Sikumwuliza tena, si unajua tabia yake.

Nadhani haya aliyatoa mlimani. Huko kwetu mtoto anapanda juu ya mti wa mringaringa kukata majani ya mbuzi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Anayeanguka huchekwa. Hata akivunjika mkono, huchekwa kwanza, ndipo abebwe. Kuanguka ni aibu yako kabla hakujawa maumivu yako. Fundi Mkuu alikuja mjini na fikra hiyo, akaipandisha mpaka ghorofa ya tatu, na kwa kuwa sote tulikuwa watu wa kule kule, hakuna aliyeona ajabu.

Lakini usimfanye mtu mbaya haraka hivyo. Mama aliyekuwa akifagia jukwaa la kupakia magunia aliteleza kwenye ngazi yake akaanguka chini ya lori, akavunjika kifundo cha mkono. Fundi Mkuu alimbeba mgongoni hadi getini, mama mzima na kilo zake. Akakaa naye hospitali kutwa nzima kwenye benchi, akagombana na kila mwenye koti jeupe aliyepita bila kuwatazama. Alipoona viatu vya yule mama vimeisha soli, alivua vyake akampa, akarudi kiwandani na soksi. Kesho yake alikata vipande vya nondo akavichomelea kwenye ngazi zote za jukwaa ili viatu vishike. Hakuagizwa na mtu. Kwa wiki moja mikono yake ilikuwa na malengelenge ya moto.

Jioni ya siku ile ya ajali nilifungua kitabu nikamwuliza niandike nini.

"Andika ameteleza."

"Ameteleza kwa sababu gani, Fundi? Hapa kuna nafasi ya sababu."

"Ameteleza. Nimeshasema."

Nikaandika ameteleza. Ukikipitia kitabu hicho utaona watu wengi wameteleza, mmoja baada ya mwingine, na sababu hamna. Alikuwa tayari kumbeba mtu mgongoni, ila hakuwa tayari kukiri kwa maandishi kwamba ngazi ilikuwa mbovu. Ngazi zilikuwa zake. Kuandika ubovu wa ngazi ilikuwa kumwandika yeye.

Nyumbani kwake nilifika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Tulikula mtori, wakubwa wakanywa mbege, jumuiya nzima ilikuwepo, maana yeye alikuwa mwenyekiti wao na msomaji wa masomo kanisani, kwa Kiswahili safi kabisa kisicho na lafudhi. Nilipokuwa nikienda kunawa mikono nikaona ngazi ya mbao inayopanda darini kunakowekwa mahindi. Ilikuwa imefungwa mnyororo, na mnyororo una kufuli. Alinikuta nimeitazama.

"Watoto hawasikii," alisema, akanionyesha ufunguo uliokuwa shingoni, pamoja na rozari.

Nilicheka siku ile. Leo nikikumbuka ule ufunguo nashikwa na hasira. Alijua. Mtu anayeweka kufuli kwenye ngazi anajua kuanguka kutoka juu kunaweza kumfanya nini mtu.

Nimesema Kiswahili chake kilikuwa safi. Ila kazini alizungumza Kichagga, cha upande wa Mwika, na mafundi wake karibu wote alikuwa amewachagua kutoka huko, mpwa wa fulani na jirani wa fulani. Hata Mchagga wa Machame, ambaye Kichagga chake ni kingine, akija hapo alikuwa anatoka jasho. Asubuhi walisimama mlangoni mwa karakana, mimi na daftari langu la mahudhurio pembeni, naye akigawa kazi huku akitania. Kazi na utani vilitoka kwa sauti moja, huwezi kujua kipi kinaanzia wapi kama lugha huijui. Meneja, ambaye hakuwa mtu wa huku, alishawahi kumwomba atumie Kiswahili. Alikubali. Alitumia siku tatu, nne, halafu mambo yakarudi yalivyokuwa. Alisema Kiswahili kinamfanya aonekane anahutubia.

Elia alitoka Singida. Alikuwa kijana mpole mwenye mabega ya kubeba, amehamia mtaa wa Njoro na mke wake na mtoto mmoja, na kwa miezi sita kazi yake ilikuwa kupakia magunia chini. Juu hakuwa amepanda hata mara moja. Alipenda kusimama na wale mafundi asubuhi kwa sababu walikuwa wachangamfu. Wakicheka, naye alicheka. Walimpenda kwa hilo. Hakuna aliyefikiri kumwuliza anacheka nini.

Ilikuwa wiki ya kuelekea Krismasi. Anayejua Moshi anajua wiki hiyo ilivyo: kila mtu akili yake imeshapanda nyumbani, mwili tu ndio uko kazini. Jukwaa la kupakia lilikuwa limetoboka, malori ya mwisho yanasubiri, na chuma cha kuzibia hakipo. Fundi Mkuu akapanda ghorofa ya tatu, akang'oa bamba moja la njia ya kupitia, akalishusha kuzibia jukwaa. Pale juu palipobaki wazi akafunika kwa kipande cha plaiwudi. Baada ya siku mbili plaiwudi ilikuwa imeshika unga, haionekani tofauti na bamba.

Asubuhi ile alisema. Nilikuwepo, nilisikia. Alianza na nani atachinja mbuzi na nani atakula cha kuomba. Kisha, kwa sauti ile ile, akasema bamba la pembeni ya chekecheo la mwisho halipo, pana ubao, asikanyage mtu hadi alirudishe. Akaongeza kwamba mwenye haraka ya kufika Krismasi kabla ya wenzake apite hapo. Wakaangua kicheko. Na Elia, aliyekuwa amesimama mkono wangu wa kulia, akacheka nao.

Fundi mmoja alikuwa ameshatoroka kwenda kwao siku moja kabla. Nafasi yake ikahitaji mtu wa kupanda na ufagio kusafisha juu. Akatumwa Elia.

Ilikuwa saa nne na kitu. Mimi nilisikia mlio mmoja, nikadhani ni gunia limeanguka. Elia alikuwa amekanyaga ule ubao ukavunjika, akagonga bomba la ghorofa ya pili, akafika sakafuni kwa mgongo. Fundi Mkuu ndiye aliyefika wa kwanza. Safari hii hakumbeba mgongoni. Alipiga magoti akamshika kichwa kisitikisike, akatupigia kelele tulete mlango, mlango wowote, tumlaze juu yake. Tuling'oa mlango wa stoo. Elia alikuwa macho. Alikuwa akiuliza miguu yake iko wapi.

Jioni Meneja alitaka kitabu. Fundi Mkuu alikaa mbele ya meza yangu, unga umeganda usoni kwa jasho, akaniambia niandike, nami nikaandika: "Mfanyakazi alipewa maelekezo asubuhi mbele ya wenzake, akayapuuza."

Kila neno lingeweza kuapiwa. Maelekezo yalitolewa. Ilikuwa asubuhi. Wenzake walikuwepo. Kalamu yangu ilisimama kwenye neno la mwisho, na yeye aliona imesimama. Alinitazama, mimi nikamtazama. Nilikuwa na mdogo wangu chuoni, nilikuwa na kazi ambayo watu mia walikuwa wanaitamani, na aliyekaa mbele yangu alikuwa mtu wa nyumbani. Nikamalizia neno. Niliandika vizuri sana, herufi zimelala upande mmoja.

Neno hilo moja ndilo lililomfuata Elia. Lilimfuata hospitali, likamfuata ofisi zote alizokwenda kudai haki yake, kila mahali wakafungua nakala ya ukurasa wangu wakamwambia alikatazwa. Ndugu zake walikuja kutoka Singida, wakasomewa, wakaanza kunong'ona kwamba huenda alikuwa amelewa. Mke wake, Mama Neema, alinifuata nilipokwenda kumwona mgonjwa wodini, akaniuliza uso kwa uso.

"Dada, ni kweli alikatazwa?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema," nilimjibu.

Ninaandika haya nikiwa mtu mzima, na bado jibu hilo likinijia natamani kujizaba kofi.

Fundi Mkuu hakuacha kazi. Alirudisha bamba. Tangu siku ile alianza kutundika vibao vya Kiswahili kila mahali, HATARI, USIPITE, SHIKA RELI, ameviandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, hata sehemu zisizo na hatari yoyote. Kwenye mlango wa choo kilikuwepo kimoja. Vijana walimcheka chini chini. Utani wa asubuhi ulikwisha. Na kanisani, nilisikia kwa watu wa jumuiya yake, aliendelea kusoma masomo, lakini wakati wa komunyo alibaki kwenye benchi. Walidhani ni miguu.

Alistaafu akarudi Mwika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Mimi niliacha kiwanda mwaka mmoja baadaye, nikafungua duka la vifaa vya shule. Hatukuwasiliana, mpaka mwaka huu aliponipigia simu, akasema ananiomba nipande Mwika. Nilimkuta uani, amekonda, shati limekuwa kubwa kwake. Nilimwamkia shikamoo akaitikia bila kunitazama.

"Nataka kwenda kwa yule kijana," alisema. "Peke yangu sitaweza. Twende wote."

Alikuwa ameshavaa koti. Mkononi alikuwa na jani la isale, amelifunga fundo. Asiyetoka kwetu lazima nimweleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Mtu aliyekukosea akija kwako na jani lake, ameshika hivyo, hana haja ya kusema mengi. Hata awe amemwaga damu, huwezi kumfukuza. Unalipokea, na ukishalipokea umesamehe. Wazee wa kwetu wamemaliza ugomvi wa vizazi kwa jani hilo.

Elia na mke wake wanaishi chumba na sebule kule Njoro, wanafungasha unga wa lishe na kuuza. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mizani mapajani. Alitutambua mara moja.

"Shikamoo, Fundi," alisema. Alimwamkia. Sikutegemea.

"Marahaba," Fundi Mkuu alijibu, na sauti ilikuwa ndogo. Akasogea, akampa lile jani kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Alikuwa amemaliza. Kwa desturi yetu alikuwa amesema yote.

Elia aliligeuza geuza. "Ni dawa hii?"

Fundi Mkuu alinitazama mimi. Basi nikaeleza, kama nilivyokueleza wewe. Elia alisikiliza hadi mwisho, akaliweka jani juu ya meza, taratibu, bila kulidharau.

"Sisi kwetu hatuna hilo," alisema. "Kwetu mtu anasema. Aseme alichofanya, kwa Kiswahili, nimsikie."

Nilidhani mzee ataondoka. Alisimama katikati ya sebule ile ndogo, na mimi, ambaye yeye alinizoeza kusikia jambo mara moja tu, nilikuwa namwomba Mungu aliseme hata nusu.

"Lile bamba nililing'oa mimi," alisema. "Asubuhi niliwaambia kwa Kichagga. Wewe ulicheka." Akavuta pumzi. "Nilikuona unacheka. Nikajua hujaelewa. Nikasema nitamwambia baadaye."

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikijiliwaza kwamba alisahau kuwa kijana si wa kwetu. Hakusahau.

Elia hakupandisha sauti. Aligeuza kiti kidogo akanielekea.

"Na wewe, dada? Ulikuwa umesimama karibu yangu na daftari."

"Nilielewa, kaka," nilisema. "Nilielewa yote. Na niliyoandika niliandika nikijua."

"Basi andika tena," alisema.

Nilichana karatasi kwenye daftari lao la mauzo. Fundi Mkuu alisema, nikaandika: kwamba maelekezo yalitolewa kwa lugha ambayo Elia haijui, kwamba alionekana hajaelewa na hakuelezwa, kwamba hakupuuza kitu chochote. Akaweka sahihi. Chini yake nikaandika kuwa mimi karani nilikuwepo na nilipotosha kitabu, nami nikaweka sahihi yangu. Safari hii herufi zilikwenda kila upande. Elia aliisoma, akaikunja mara nne, halafu akaikunjua tena akamrudishia mzee.

"Mke wangu yuko uani," alisema. "Hakusikia."

Akamwita. Mama Neema aliingia na chekecheo mkononi, unga hadi viwikoni. Fundi Mkuu akamsomea, yeye ambaye hakuwa mtu wa kurudia neno. Alipofika kwenye sentensi ya kuonekana hajaelewa, mama akamkatiza.

"Uliona?"

"Niliona, mama."

"Kwa hiyo hakuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa."

Mama Neema akaketi kwenye ukingo wa kochi, akalia kwa sauti, chekecheo bado mkononi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumgusa. Elia alikuwa akitazama mlango. Mama Neema alipotulia alifuta uso kwa kanga, akachukua ile karatasi, akaitia ndani ya Biblia yao. Kisha akaliona jani mezani. Akaliokota, akamrudishia Fundi Mkuu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, jinsi unavyomrudishia mgeni kofia aliyoisahau.

"Chukua, mzee. Sisi hatujui kulitumia."

Sijawahi kusikia isale limerudishwa. Sidhani hata wazee wana neno la jambo hilo. Alilipokea, akatoka nalo.

Tulitembea kuelekea barabarani, yeye mbele, mimi nyuma, jani limesimama mkononi mwake kwa sababu hakujua aliweke wapi. Kulitupa haiwezekani. Pembeni ya njia mama mmoja wa kwetu alikuwa akiuza ndizi. Alipoliona lile fundo akanyanyuka haraka, akavuta beseni lake ili mzee apite, akamwambia kwa Kichagga Mungu amtangulie huko aendako.

Fundi Mkuu alimshukuru. Hakumwambia kwamba tumeshatoka huko.